Maneno Mliyoyaruka Ninyi, Akasingiziwa Mwanangu

Kwa Mhariri Mkuu,
Idara ya Vitabu vya Kusoma, Darasa la Pili,
Mlango wowote utakaokuwa wazi.

Ndugu Mhariri,

YAH: MALALAMIKO JUU YA KITABU CHENU "JOGOO NA SAA", PAMOJA NA OMBI LA BARUA YENYE MUHURI

Wanaojua kuandika barua za ofisini wameniambia nianze kwa kukuomba uhusike na kichwa cha habari hapo juu. Basi husika. Na ukishahusika, vuta kiti ukae, maana habari yenyewe ni ndefu, ndefu kuliko kitabu chenu, na hilo ndilo lalamiko lenyewe kwa kifupi.

Mimi ni mshonaji. Nashona sare za shule kwenye duka la fundi mkuu wangu, cherehani ya pili kutoka mlangoni, ile inayolia. Shule niliishia darasa la sita, si kwa kupenda. Nasoma polepole, kwa kidole, lakini nikifika nimefika. Nina mtoto mmoja wa kike, miaka saba na nusu. Nyumbani tunamwita Kifungo, kwa sababu alipokuwa anatambaa alimeza kifungo cha koti la mteja, tukakaa siku mbili tunakisubiri. Kilirudi. Koti lilikwenda kwa mwenyewe likiwa na vifungo vyote vinne, na zaidi ya hapo sitasema.

Tunaishi na mume wangu, ambaye ni fundi baiskeli, na mama mkwe wangu. Mama mkwe macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho. Anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu anayepita, basi. Lakini masikio hayajambo. Sindano ikianguka sakafuni atakwambia iko upande gani, na kama ni ya mkono au ya cherehani.

Sasa sikiliza kilichotokea. Muhula ulipoanza, Kifungo alirudi na kitabu chenu kipya amekifunga ndani ya sweta kama mtoto mchanga. Jina la kitabu, "Jogoo na Saa". Mama mkwe aliposikia jina hilo alinyoosha mikono miwili, akakipapasa, akakinusa. Akasema, "Hiki ndicho nilichowasomea wanangu wote sita. Bado wanakichapa? Basi dunia haijaharibika." Jioni zilizofuata, mimi nikiwa jikoni nakoroga sufuria, mjukuu anakaa miguuni kwa bibi yake anamsomea. Ndugu Mhariri, sijui kama una mtoto. Ukiwa na mtoto, halafu umsikie anasoma neno zima bila kulikata vipandevipande, chakula kitaungua na wewe umesimama hapohapo na mwiko.

Jioni ya kwanza Kifungo alisoma ukurasa wa tatu: "Jogoo ana hasira. Saa inalia. Jogoo anacheka."

Bibi akasema, "Haya, endelea."

"Nimemaliza ukurasa, bibi."

"Umemalizaje na jogoo hajakasirika?"

"Amekasirika, bibi. Imeandikwa ana hasira."

"Hiyo si hasira, hiyo ni taarifa. Soma yote, usiruke."

Kisha akamsomea mwenyewe, kwa kichwa, macho yameelekea dirishani: "Jogoo aliposikia ile saa ikigonga, moyo ulimchafuka, undu ukamsimama kichwani mwekundu kama kaa la moto, akakunja kucha, akainua shingo kuutazama ukuta kwa ghadhabu na bezo, akasema, ewe chuma usiye na manyoya wala mjomba, nani aliyekutawaza wewe uwaamshe watu ambao babu yangu aliwaamsha kabla ukuta huo haujajengwa?"

Mwiko ulinitoka mkononi. Kifungo akatazama ukurasa, akaugeuza, akatazama nyuma yake. Akasema, "Hayapo, bibi." Bibi akasema, "Yapo, wewe unaruka. Mama yako naye akishona haraka anaruka nyuzi."

Ikawa hivyo jioni ya pili. Jioni ya tatu mama mkwe alichoka, akatamka neno ambalo nyumbani kwetu hatumwambii hata muuza maziwa. Akamwita mwongo.

Mtoto hakulia. Angelia ningekuwa na dawa yake. Alikifunga kitabu taratibu, akakiweka chini ya godoro, akaja kusimama karibu yangu jikoni akaninong'oneza, "Mama, mimi najua kusoma tu. Bibi ndiye anayejua kitabu."

Leo ni siku ya kumi na mbili hajakigusa. Mwalimu wake ameniambia hata darasani akipewa zamu ya kusoma anakodolea ukurasa, ananyamaza, kama mtu aliyeambiwa kuna kitu kimefichwa hapo na asipokiona atachapwa. Na Ijumaa ya wiki ijayo watoto wa darasa la pili watasoma mbele ya wazazi, kila mmoja ukurasa mmoja. Kifungo amekwisha kunijulisha kwamba siku hiyo ataumwa tumbo. Tumbo lile nalijua mimi. Lilimeza kifungo cha koti halikusema kitu.

Usinifikirie kwamba nimekimbilia kwako kabla ya kujaribu nyumbani. Nimemwambia mama mkwe kwamba ukurasa nimeusoma mwenyewe, maneno hayo hayapo. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, wewe uliishia la sita." Nimemwomba mume wangu amsomee mama yake. Akasema ugomvi wa mama yake na jogoo yeye hauingilii, akajificha nyuma ya gurudumu. Kwa hiyo umebaki wewe. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mmeondoa maneno, na hamkusema mmeyapeleka wapi.

Undu halimo. Ghadhabu halimo. Bezo halimo. Kutawaza halimo. Undu, nakiri, hata mimi sikulijua. Nilikwenda kwa muuza kuku nikamuuliza mbele ya wateja wake. Akamshika jogoo mmoja akaniambia, "Leta mkono. Huu hapa, huu upanga wa kichwani, wazee wanauita undu." Nikaushika, una joto. Sasa neno hilo nalijua kwa vidole, na litakaa na mimi mpaka nizeeke.

Nimesikia mnayaondoa kwa sababu mtoto hayajui. Ndugu Mhariri, mtoto hajui neno lolote mpaka akutane nalo. Kifungo alipozaliwa hakujua hata neno "mama". Tungelificha mpaka alijue, leo angeniitaje?

Basi kama mna stoo mnapoyaweka, nijulisheni. Nitakuja na mfuko wa vitambaa. Hata yaliyokatika nitayachukua, sisi kwenye ushonaji kipande hakitupwi.

2. Mmepunguza sentensi mpaka hazizunguki kitu.

Hili sisemi kwa hisia, nimepima. Jumapili mchana nilitandaza karatasi ya kahawia tunayokatia patani, ile michoro ya kukatia nguo, nikachukua chaki ya fundi, mama mkwe akanitajia kitabu chote cha zamani neno kwa neno, mimi naandika. Kilianzia mlangoni, kikapita chini ya kitanda, kikakata kona kwenye kabati. Mume wangu aliporudi ilibidi aingie kwa kuruka. Kisha nikachukua futi yangu ya kushonea nikapima.

Sentensi ya hasira ya jogoo, inchi mia moja na nne. Futi iliisha, nikaweka pini, nikaanza upya. Mwandiko wangu ni mkubwa kidogo, kwa hiyo kwa ajili ya haki nimekupunguzia inchi nne. Zimebaki mia moja kamili, na hilo ni pindo la sketi ya marinda ya mtu mzima.

Kwa zama zangu mimi, ushahidi ni mdogo. Kitabu changu cha shule kilikatwa patani ya kola miaka mingi iliyopita, na kola hiyo ya karatasi ninayo bado. Ina sentensi moja, mkasi umeila mwanzo na mwisho. Inchi kumi na nne. Hiyo ni shingo ya kijana wa sekondari.

Sentensi ndefu kuliko zote katika kitabu chenu kipya ni hii: "Mwenye nyumba amenunua saa kubwa sana." Inchi nne na nusu. Nimeizungusha kwenye kifundo cha mkono wa Kifungo alipokuwa amelala mchana. Haikufika.

Mia moja, kumi na nne, nne na nusu. Fundi yeyote anaona nguo hii inakwenda wapi. Mjukuu wangu atasoma inchi moja, ambayo ni upana wa lastiki. Mtoto wake atasoma nusu inchi, ambayo ni tundu la kifungo. Baada ya hapo watoto watakuwa wanapewa jalada tupu waliheshimu, na mwalimu atawauliza maswali kuhusu gundi.

3. Mmeyahamisha maneno mkayatia kwenye picha.

Kitabu chenu kinasema jogoo ana hasira, halafu mchoraji amemtia wekundu, amemtoa moshi masikioni. (Jogoo masikio yake hayaonekani, lakini hilo namwachia mchoraji na Mungu wake.) Kwa hiyo hasira ipo, ila imo kwenye rangi. Mmekumbuka mtoto mwenye macho. Hamkumkumbuka bibi yake, ambaye hasira ya jogoo inaweza kumwingia kwa mlango mmoja tu, nao ni sikio. Kwake yeye kitabu chenu kina kurasa ishirini na nne za watu wanaotoa taarifa.

4. Karatasi inateleza.

Nimeliandika lisije likasahaulika.

5. Jogoo wenu hana ukoo, na mwisho wa kisa hakuna anayeomba radhi.

Jogoo wa mama mkwe ana mke anayemwambia "shuka darini, mume wangu, watu wasije wakasema", ana mjomba aliyekufa kishujaa, ana wakwe wanaokuja kuangalia kama kweli amefukuzwa kazi na saa. Na saa nayo ina mdomo, inamjibu. Mtu akisikia anajua huyu jogoo ni wa mtaani, anafanana na fulani. Jogoo wenu anaishi peke yake kama mpangaji.

Mwisho ndio umeniumiza zaidi. Ninyi mmeandika: "Saa imeharibika. Jogoo anawika. Wote wanafurahi." Wanafurahi vipi, na jogoo alidhalilishwa? Katika kisa cha mama mkwe, saa inasimama, nyumba nzima inapitiwa na usingizi, na mwenye nyumba anakwenda kwa jogoo kwa miguu mitupu, viatu ameviacha mlangoni. Mwanzoni alitaka kusemea dirishani, jogoo akamwambia, "Radhi haiombwi kutoka dirishani. Sogea." Jambo hilo Kifungo analihitaji mwaka huu kuliko kujua kwamba wote wanafurahi.

6. Hamkuacha pindo.

Hili ndilo linaloniuma kama mshonaji. Mzazi akileta mtoto wa darasa la kwanza apimwe sare, sisi hatumshonei mtoto aliyesimama pale. Tunamshonea yule wa mwakani. Chini ya sketi tunakunja inchi tatu kwa ndani, hazionekani, na kila mwaka mama anafumua kidogo. Mzazi anayesisitiza "kata inayomtosha leo" tunamkatia, tunanyamaza, na kabla ya likizo tunamwona amerudi na magoti ya mtoto yako nje.

Kitabu chenu kimemtosha Kifungo siku alipokipokea. Kimemkaa vizuri kabisa, sikatai. Ndiyo maana nasema kitambana kabla ya likizo. Mnawashonea watoto vitabu vya kubana, Ndugu Mhariri, halafu wakikua mnashangaa maarifa yamefika magotini.

Nilikuwa na la saba, nililiandika pembeni mwa ile karatasi ya kahawia, lakini limebaki kwenye kona ya kabati, karatasi ilipokunjika.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba kwa heshima.

Kwanza, naomba barua yenye muhuri, iliyoandikwa kwa mama mkwe wangu. Ili nisikupotezee muda nimekuandalia maneno: "Sisi tuliochapa kitabu cha Jogoo na Saa tunathibitisha kwamba mtoto Kifungo hajaruka neno lolote. Maneno tuliyaruka sisi. Mtoto si mwongo." Muhuri upigwe kwa nguvu, mama mkwe atataka kuupapasa.

Pili, maneno yarudishwe, yote kwa pamoja ikiwezekana, au yakunjwe kwa ndani mwishoni mwa kitabu, wazazi tuyafumue mwaka kwa mwaka.

Tatu, kama hapo kwenu hakuna mtu wa kazi hiyo, niajirini. Wa kukata mnao, hilo linaonekana. Hamna wa kulegeza. Cherehani nitakuja na yangu, ile inayolia, fundi mkuu atafurahi.

Nne, kama la kwanza, la pili na la tatu ni magumu, basi njoo mwenyewe hiyo Ijumaa ya wiki ijayo. Utasimama mbele ya darasa la pili na wazazi, umwangalie mama mkwe wangu, useme kwamba mtoto alisoma kila kilichokuwepo. Viatu utaviacha mlangoni kama mwenye nyumba alivyofanya. Sakafu ni ya saruji, imefagiliwa, hutaumia.

Usije ukasema nakusingizia kwa maneno ya mtu mzima asiyeona. Kitabu chenyewe cha zamani kipo. Kiko kwa wifi yangu, mtoto wa tatu wa mama mkwe, ndani ya sanduku la shuka. Nimemwagiza akitume kwa mtu yeyote anayekuja upande huu. Kikifika nitakiambatanisha hapa kama ushahidi, na hapo hutakuwa na pa kushika.

Msalimie anayepiga chapa barua zako. Msalimie mchoraji, mwambie hakuna ubaya, moshi ni mzuri. Msalimie yule anayeandika namba za kurasa, ambaye kati yenu wote ni yeye tu ambaye sijamkuta na kosa. Wasalimie watoto wako kama unao, na kama wana bibi, wasalimie zaidi.

Ni mimi, nisiye na ugomvi na wewe ila kwa inchi tisini na tano na nusu,

Mama Kifungo,
cherehani ya pili kutoka mlangoni.

Nyongeza:

Ndugu Mhariri, barua hii ilikaa wiki mbili kwenye droo ya bobini za cherehani ikisubiri bahasha. Naona ilikuwa heri.

Kitabu cha zamani kilifika Jumatano, kimefungwa ndani ya foronya. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake karibu na dirisha. Nilitaka kukisoma mimi, akasema, "Hapana. Mpe huyo. Leo tutajua nani anaruka."

Kifungo alinitazama. Nilimwambia, "Soma, mama. Soma kilichopo tu." Akakaa mbali kidogo na miguu ya bibi yake, siyo pale pake pa siku zote, akafungua. Ni kitabu kidogo, kinaingia kwenye mfuko wa shati. Akaanza kwa sauti ya mtu anayekanyaga maji asiyojua kina chake: "Jogoo amekasirika. Saa inalia. Jogoo anacheka."

Bibi akasema, "Endelea."

"Nimemaliza ukurasa, bibi."

Akaendelea, akakisoma chote. Hakukuwa na undu. Hakukuwa na ghadhabu, wala bezo, wala mke wa jogoo, wala mjomba aliyekufa kishujaa. Mwishoni: "Saa imekufa. Jogoo anawika. Wote wamefurahi." Nilichukua futi, nikapima. Sentensi ndefu kuliko zote ni inchi nne na robo. Yenu mpya imeizidi robo.

Mama mkwe aliuliza, "Kurasa nyingine nani kachana?"

Kifungo akahesabu kwa sauti, moja mpaka kumi na sita. Hakuna iliyoruka.

Basi yule mama akaanza kucheka, kidogokidogo, mabega yanacheka kabla ya mdomo. Akasema, "Watoto sita, chumba kimoja, kurasa kumi na sita. Chungu bado hakijaiva, na kitabu kimekwisha, na wote wananitazama. Ungefanyaje wewe? Niliongeza. Leo naongeza undu, kesho mjomba. Wakati mwingine kuni zilikuwa mbichi, jogoo akapata wakwe." Akasema miaka imepita mingi, hakujua tena lipi lilikuwa la kitabu na lipi lilikuwa la kuni mbichi.

Kisha akanyoosha mkono hewani, akasema, "Yuko wapi mjukuu wangu?" Kifungo akajibu kutoka alipokaa, "Niko hapa." Bibi akainuka mwenyewe, akaviacha viatu vyake chini ya kigoda, akatembea akipapasa ukuta mpaka alipomfikia. Akainama akamwambia, "Radhi haiombwi kutoka dirishani. Mwongo nilikuwa mimi."

Kifungo akafikiri sana. Akasema, "Basi bibi, mimi nisome, wewe uongeze." Nami nilirudi jikoni, maana huko nako kulikuwa kumeungua.

Ijumaa tumbo halikuuma. Bibi yake tulimkalisha benchi la mbele. Kifungo aliitwa, akasoma ukurasa wake wa tatu, "Jogoo ana hasira," halafu akafunga kitabu kidole kikiwa ndani, akainua kichwa, akatamka zile inchi mia moja zote kwa pumzi moja, kuanzia moyo kuchafuka mpaka ukuta haujajengwa. Mwalimu akawa anageuza kurasa za nakala yake akitafuta alipofika. Nikamsikia mama mkwe anamwambia mzazi aliyekaa pembeni yake, "Huyo haruki kitu."

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, lalamiko la kwanza nalifuta. Maneno hamkuyaondoa ninyi, hayakuwahi kuwa yenu. Tena tumehesabu, Kifungo kwa kidole na mimi kwa pini: kitabu chenu kipya kina maneno ishirini na tatu ambayo cha zamani hakina, na kurasa nane zaidi. La pili nalifuta pia. Ile sentensi ya kola nimeigeuza upande wa pili, nikakuta ni ya kitabu cha kilimo, inahusu samadi. La tatu nalifuta, mjukuu anamsimulia bibi picha, wanabishana kuhusu moshi. La tano nalifuta, ukoo wa jogoo uko kwetu, umeongezeka na shangazi tangu Jumamosi. La sita nalifuta. Pindo nililokuwa nalidai kwenu nimelikuta nyumbani, limekaa kwenye kigoda karibu na dirisha.

Muhuri hauhitajiki. Ijumaa imepita, usije. Viatu vyako vaa.

Nina ombi moja tu lililobaki. Mkikichapa tena kitabu hiki, msiongeze hata neno moja. Ila pembeni mwa kila ukurasa tuachieni nafasi, inchi moja na nusu itatosha. Kifungo ameanza kuyaandika ya bibi yake humo ndani, kabla hayajasahaulika, na mimi namshikia taa na kumtajia herufi ninazozijua.

Na lalamiko la nne halijafutwa. Karatasi inateleza, penseli haishiki.